Joho la Mlima

Clemence Ndunguru alileta barua siku ya Jumatatu, saa tano asubuhi, akiwa amevaa viatu vya Jumapili. Kunigunda alimwona tangu akivuka kijito kule bondeni, akipanda mteremko huku ameshika suruali yake juu isiguse matope, na moyo ukamwambia kwamba mtu havai viatu vile kuja kuomba mbegu ya maharage. Clemence alikuwa katibu wa kwaya ya kigango cha Mtakatifu Sesilia, kilichokaa juu ya mlima wa pili, ng'ambo ya bonde. Upande wote ule wa Mkumbi hapakuwa na mtu aliyependa mhuri kuliko yeye.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele, amina. Karibu, Katibu."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu," aliitikia Bibi Hildegardi, mama mkwe wa Kunigunda, bila kuinuka kwenye kigoda chake. Magoti yake yalikuwa yamemkatalia mambo mengi mwaka ule, na kuinukia wageni lilikuwa mojawapo. "Kaa." Akamgeukia Kunigunda. "Mama Flaviani, mpe Katibu kahawa na ndizi, ametoka mbali."

Clemence alikunywa kahawa, akala ndizi tatu, akasifu migomba. Ndipo akajifuta vidole kwa leso na kutoa bahasha. Alijua macho ya Bibi hayaoni maandishi, kwa hiyo alisimama akaisoma mwenyewe, kwa sauti ile ile anayosomea matangazo baada ya misa.

"Kwa mujibu wa katiba ya kwaya, kifungu cha tisa, mwanakwaya asiyehudhuria mazoezi kwa miezi sita mfululizo huondolewa katika daftari. Hildegardi Kapinga, sauti ya pili, hukuhudhuria vipindi mia moja na nne. Kwa hiyo unaarifiwa kwamba tangu tarehe ya barua hii wewe si mwanakwaya, na unaombwa kurudisha joho kabla ya mazoezi ya Jumamosi, lipate kutumika katika jubilei ya kwaya ya Lundo, kule ziwani. Wako katika Kristo."

Kuku mmoja alipita katikati yao akidonoa maganda. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa, kama afanyavyo injili ikisomwa.

"Soma tena pale penye jina langu."

Clemence akasoma tena.

"Hapo umesema sikuhudhuria."

"Ndivyo daftari linavyosema, Bibi."

"Mimi nimehudhuria. Jumatano na Jumamosi, mwaka mzima. Ni ile mvua ya Machi tu iliyonishinda, na siku ndama alipotumbukia kwenye shimo la ngolo."

Clemence alimtazama Kunigunda. Lilikuwa lile jicho la huruma ambalo watu wazima hupeana juu ya kichwa cha mzee aliyeanza kusahau. Na Kunigunda, Mungu amsamehe, aliinama akaokota maganda ya ndizi. Alijua ukweli kuliko mtu yeyote, lakini pale mbele ya barua yenye mhuri ukweli ule ulionekana wa kipuuzi, akaona haya kuusema.

Ukweli wenyewe ulikuwa hivi. Kutoka nyumbani kwao hadi kanisani, kwa miguu, ni saa nzima ya kushuka hadi kijitoni na kupanda tena. Barabara inayozunguka mlima ni ndefu, na bodaboda ya kwenda na kurudi inameza mboga ya wiki. Lakini sauti haina magoti. Mtu wa huku akimwita wa kule, "Mbuzi wako yuko kwenye maharage yangu!", hujibiwa kabla hajashusha mikono mdomoni. Basi kila Jumatano na Jumamosi, saa kumi jioni, kwaya ilipokusanyika kwenye uwanja wa kanisa, Bibi Hildegardi aliacha chochote alichokuwa akifanya, akachukua fimbo, akajikokota hadi kwenye ukingo wa shamba la kahawa nyuma ya nyumba. Alisimama pale ambapo mteremko unaanza kuchimbwa ngolo, mashimo kwa safu hadi chini, na wao wakianza kuimba naye akaanza.

Mara ngapi Kunigunda alimnung'unikia! "Mama, maharage yako umeyaacha kwenye ungo, kuku wanamaliza." Na Bibi hujibu bila kugeuka, "Waache kuku nao washukuru."

*

"Si nguo tu, Mama?" alisema Joakim jioni ile walipokuwa wakila. Joakim alikuwa mume wa Kunigunda na mtoto pekee wa Bibi, mtu mwema mwenye mikono mikubwa, anayeogopa barua. "Tutakununulia kitenge kizuri pale Mbinga mjini."

"Nguo tu," Bibi alirudia. Aliurudisha ugali sahanini. "Wewe baba yako alizikwa na koti la harusi. Mwalimu Raimundi alizikwa na joho. Gaudiosa alizikwa na joho, na Aurelia. Wote wa sauti ya pili walioimba nami wako pale makaburini kwa kijani na kola nyeupe. Mimi nitafika na kitenge? Watanijuaje?"

Hiyo ilikuwa desturi ya kwaya ile tangu Mwalimu Raimundi alipoianzisha: mwanakwaya huzikwa na joho lake, na wenzake husimama kuzunguka kaburi na majoho yao, wakaimba mpaka udongo uishe. Mwenye joho hazikwi kimya. Asiye nalo huzikwa na wimbo wa jumuiya, watu watano na rozari, wakichungulia mawingu.

"Basi usirudishe," Kunigunda alisema. Hasira ilikuwa imemfikia sasa, imechelewa kama kawaida yake. "Waje walichukue wenyewe, tuone."

"La. Mwalimu Raimundi alitufundisha kwamba daftari likisema toka, unatoka. Tulimtoa mke wa mwenyekiti wa wakati ule kwa ajili ya uzushi. Siwezi kuipenda sheria inapomla mwingine tu."

Ijumaa alilitoa joho sandukuni. Hakukubali msaada. Alichochea mkaa ndani ya pasi, akanyoosha kila pindo, akahesabu kila kishikizo kwa kidole. Kwenye kola kulikuwa na alama ndogo ya kuungua, kama punje ya mtama, ya Krismasi ya mwaka ambao Joakim alizaliwa. Aliigusa ile alama, akalikunja joho, akalitia kwenye mfuko wa plastiki. Halafu akamwambia Kunigunda, "Mwambie Katibu lisifuliwe kwa sabuni ya unga. Linachuja."

*

Kunigunda hakuwa amewahi kukanyaga mazoezini. Jumapili alisali, akasikia kwaya kama anavyosikia mvua kwenye bati, huku akiwaza jiko. Jumamosi ile alifika saa kumi kasoro, amelowa jasho. Kanisa lilikuwa limeezuliwa paa kwa matengenezo tangu mwaka juzi, kwa hiyo kwaya ilifanya mazoezi nje, kwenye uwanja unaotazama bonde. Akamwona Clemence mezani na daftari lake.

"Subiri pale kwenye benchi, Mama Flaviani. Nina kazi kidogo."

Kazi yenyewe ilikuwa kupiga mistari kwa rula. Kunigunda alisubiri. Hatimaye Clemence alilitoa joho kwenye mfuko mbele ya watu wote, akalitandaza, akalitazama makwapani, akageuza kola kwenye mwanga.

"Lina alama ya moto hapa."

"Ina miaka arobaini na sita, Katibu. Wewe hukuwa umezaliwa."

Binti mmoja, Theresia, bi harusi wa juzi juzi ambaye ndiye angelivaa joho lile Lundo, aliinamisha uso. Clemence aliandika: *limepokelewa, lina doa.* Kunigunda alitaka kuondoka pale pale, lakini Mwalimu Sixbert alikuwa amekwishainua mikono, na si adabu kupita mbele ya mikono iliyoinuliwa.

Wakaanza.

Sijui nikwambieje. Ni wimbo wa mavuno uliotungwa na Mwalimu Raimundi, Kunigunda aliusikia maisha yake yote. Lakini hakuwa amewahi kukaa hatua sita kutoka kwenye vifua vinavyoutoa. Sauti ya kwanza ilipanda, besi za wazee zikaja chini yake, na benchi likatetemeka, benchi lenyewe, alilisikia kwenye mapaja. Watu aliowajua wote! Yule anamuuzia chumvi, yule waligombania mpaka wa shamba, yule mtoto wake ana degedege. Kila mmoja peke yake ni mtu wa kawaida mwenye miguu michafu, na sasa wote walikuwa kitu kimoja kikubwa ambacho hakuna hata mmoja wao angeweza kukibeba nyumbani. Nywele zilimsimama. Alijisikia mdogo, na ilikuwa raha kujisikia mdogo. *Kumbe hiki ndicho Mama anachoachia maharage,* aliwaza.

Ubeti ukaisha. Mwalimu Sixbert akaikata sauti ghafla, akanyoosha kidole kuelekea bondeni, akasubiri. Watu thelathini wakageuza nyuso kuelekea mlima wa ng'ambo, nao wakasubiri.

Hakuna kitu. Upepo mdogo, mbwa akibweka mbali.

"Tena," alisema Mwalimu. Wakarudia. Wakakata. Wakasubiri. Kimya.

"Hata Jumatano ilikuwa hivi hivi," alisema mama mmoja mnene wa mbele, Vitalia, mwenyekiti wa kwaya. "Mlima una nini?"

"Ni ukungu," Mwalimu Sixbert alisema. Alikuwa kijana aliyetoka mjini miaka miwili iliyopita akiwa na cheti cha muziki, na vyeti humpa mtu majibu ya haraka. "Unyevu hewani hunyonya mwangwi. Au wamekata miti kule. Wimbo wote nimeupanga juu ya mwangwi ule! Tunakata, mlima unamalizia."

"Mimi nilisema tangu mwaka jana," ilisema sauti nzito kutoka nyuma. Ilikuwa ya Mzee Bernadi, besi wa zamani kuliko wote. "Nilisema, mwangwi gani huu unaoimba sauti ya pili? Sisi tunamaliza juu, mlima unamalizia chini kidogo. Mlima umefundishwa na nani?"

"Mzee, tulishaongea. Hiyo ni fizikia."

Kunigunda alisimama. Baadaye hakukumbuka kusimama. Alikumbuka tu kwamba alikuwa akicheka, na machozi yanamtoka, na watu wote walikuwa wamegeuka kumtazama yeye badala ya mlima.

"Mlima wenu uko nyumbani," alisema. "Unapeta maharage."

"Unasemaje, Mama Flaviani?"

"Nasema mlima una magoti mabovu. Mlima unakunywa chai bila sukari. Mwaka mzima, Jumatano na Jumamosi, mlima unasimama kwenye kahawa yangu na fimbo yake kuimba nanyi, na mimi naugombeza! Na Jumatatu mmeuletea barua kwamba hauhudhurii." Akamnyooshea Clemence kidole. "Joho la mlima hilo hapo mezani kwako, Katibu. Umeliandika lina doa."

Rula ya Clemence ilianguka chini. Mzee Bernadi alivua kofia yake.

"Hildegardi," alisema taratibu. "Mungu wangu. Raimundi alikuwa akituambia: sauti ya kwanza hufungua, besi hubeba, sauti ya pili ndiyo hufunga mlango. Ndiyo maana Hildegardi alishikilia noti ya mwisho. Alikuwa anatufungia mlango, na sisi tunaupigia mlima makofi."

Mwalimu Sixbert alishusha mikono. Fizikia ilikuwa imemwishia.

"Hata hivyo," alisema Clemence, na sauti yake haikuwa na mhuri tena, "katiba inasema mahali pa mazoezi."

"Mahali pa mazoezi ni wapi?" aliuliza Vitalia. "Wewe ulikuwa ukimsikia au hukumsikia?"

Vitalia alilikunja joho, akamletea Kunigunda kwa mikono miwili. Kunigunda alirudi nyuma hatua moja.

"Mimi nimetumwa kulirudisha, nimelirudisha. Halinihusu tena. Aliyeliita ndiye alipeleke."

*

Clemence alilipeleka Jumapili baada ya misa, pamoja na Vitalia na Theresia. Mvua ilikuwa imenyesha. Katikati ya mteremko alikanyaga ukingo wa ngolo uliolegea, akateleza hadi shimoni, mguu mmoja hadi gotini, lakini mfuko wa joho aliuinua juu ya kichwa na haukupata hata tone. Joakim, aliyekuwa akitazama kutoka uani, alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipoanza kumsamehe.

Bibi Hildegardi aliwapokea kwenye kigoda kile kile. Kahawa ililetwa. Ndizi zililetwa. Safari hii Clemence hakugusa ndizi.

"Bibi, tumekosea."

"Nani amekosea? Daftari?"

Clemence alitazama mguu wake wenye matope. "Mimi."

"Weka hapo," Bibi alisema, akionyesha mkeka. Hakulishika. Clemence akaliweka.

"Lundo tutakubeba, Bibi," Vitalia alisema. "Kwenye kiti, hadi barabarani, halafu kwenye gari. Vijana wamekwishagawana zamu."

Bibi alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Kunibeba hadi ziwani, nionje joto na dagaa wa usipa wa watu? Nendeni. Ila kule hakuna mlima wa kuwafungia mlango, mtaufunga wenyewe. Wewe binti, ndiwe uliyetaka joho langu?"

Theresia alitikisa kichwa akitaka kulia. "Walinipa tu, Bibi. Sikujua ni la mtu."

"Kila joho ni la mtu. Ushonewe la kwako. Halafu uje hapa kila asubuhi kabla ya shamba, nikufundishe noti ya mwisho inavyoshikwa. Haishikwi kooni." Kisha akamgeukia Clemence. "Kuhusu mimi, tutaona Jumatano. Mimi siwezi kujiandika. Daftari ni lako."

*

Jumatano, saa kumi kasoro robo, Bibi alimwomba Kunigunda amfunge vishikizo. Kunigunda alivifunga vyote hadi shingoni, akampa fimbo, wakaenda pamoja hadi ukingoni mwa kahawa. Mbingu ilikuwa safi. Ng'ambo, kwenye uwanja wa kanisa, watu walionekana wadogo, safu ya rangi kwenye udongo mwekundu.

Mtu mmoja alitoka kwenye safu akaja hadi ukingoni, ameshika kitu mkononi. Akaanza kuita majina. Yalivuka bonde moja moja, na baada ya kila jina *nipo* nyembamba ikasikika kutoka nyuma yake. Majina ya sauti ya kwanza yakaisha.

"Hildegardi Kapinga!"

Jina lilipita juu ya kijito, likagonga mlima nyuma yao, likarudi nusu. Huo ndio ulikuwa mwangwi wenyewe, dhaifu, hauna hata noti.

Bibi aliegemea fimbo yake.

"Mama, wanakuita."

"Nimesikia. Mabovu ni magoti, si masikio."

"Basi itika!"

"Mara mia moja na nne wameandika sipo. Hawawezi kuita hata mara mbili?"

Kunigunda aliuma kidole. Ng'ambo yule mtu mdogo aligeuka nyuma, kama anayeuliza kitu. Kisha jina likaja tena, na safari hii Clemence hakuita peke yake. Waliita wote, soprano na besi na watoto waliokuwa wakichezea kokoto, jina zima la mwanamke mmoja mwenye maharage kwenye ungo, na bonde lote likajaa. Ndege waliruka kutoka kwenye miti ya migrevilea. Joakim alitoka zizini na ndoo mkononi, akasimama.

Bibi Hildegardi alimkabidhi Kunigunda fimbo. Akasimama kwa miguu yake.

"Nipo!"

Mtu mdogo aliinamia daftari lake, akaandika. Halafu wimbo ukaanza kule, na ukaanza hapa, na Kunigunda akasimama katikati yake. Sasa alijua kinachotoka kule na kinachotoka hapa, na aliviona vikikutana juu ya kijito ambako mtu hawezi kukanyaga. Ubeti ukafika mwisho. Thelathini wakakata. Ikabaki noti moja, ya chini kidogo, ya kizee, imeshikwa mahali ambapo si kooni, ikipita juu ya kahawa na safu za ngolo, ikishuka.

Mwaka mzima aliisikia noti ile akiwa ameipa mgongo. Safari hii alitazama ng'ambo. Wote walikuwa wamesimama kimya, na hakuna aliyeanza ubeti wa pili mpaka Bibi alipomaliza.